Uwanja wa Nyumba na Nyuki Wasio na Mzinga

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki tangu 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki tangu 2002. Uzito mkubwa wa zote mbili uko kwenye mzinga, asali na nta, na hilo linaeleweka kwa kuwa asali inauzika. Lakini mazoea hayo yametufanya tumwone nyuki wa aina moja tu. Wanasayansi wamekwisha kueleza zaidi ya spishi 20,000 za nyuki duniani, na wanaotengeneza asali ya kujaza ndoo ni wachache mno. Walio wengi ni nyuki wapweke. Kila jike hujenga kiota chake mwenyewe na kuwatafutia watoto wake chakula mwenyewe. Hana malkia, hana askari, hana ghala. Hawa ndio waliomo kwenye udongo wa viwanja vya Nyegezi jijini Mwanza, kwenye kenchi za nyumba za Igoma na kwenye mabua makavu ya mbaazi Kisesa. Na hawa ndio tunaowaua kwa maji ya moto, mafuta ya taa na saruji, mara nyingi bila kujua ni nani.

Hoja yetu ni hii: mwenye bustani ya nyumbani kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuwafuga nyuki hawa, na kwa sehemu kubwa hahitaji hata kuwajengea. Anachotakiwa ni kuacha. Aache kipande cha ardhi bila kukifunika, aache mabua kadhaa yakauke yakiwa wima, aache kupulizia dawa wakati maua yamefunguka. Linaonekana jambo dogo, lakini linagongana moja kwa moja na picha tuliyonayo ya nyumba iliyotunzwa: pevingi kutoka ukuta hadi ukuta, kila bua limeng'olewa na kuchomwa, kila tundu limezibwa. Anayeifuata picha hiyo kwa bidii ndiye huyo huyo anayelalamika kwamba bilinganya zake zinachanua na kupukutisha maua bila kushika tunda.

Hofu ya kuumwa ishughulikiwe kwanza, maana bila kuiondoa hakuna atakayesoma yanayofuata. Nyuki wa asali wa kwetu ni mkali kwa sababu ana kitu cha kulinda: masega yenye asali na maelfu ya watoto, na kuna vibarua wengi ambao kifo chao hakiumalizi ukoo. Nyuki mpweke yuko kinyume kabisa. Jike akifa akitetea kiota, uzazi wake umekwisha hapo. Kwa hiyo akisumbuliwa hukimbia, na kiota kikiharibiwa huenda kuanza kingine. Dume hana mwiba kabisa. Jike anao, na anaweza kuuma akiminywa mkononi, akikanyagwa na mguu mtupu au akinaswa ndani ya nguo. Watoto wavae ndala wanapocheza karibu na viota vya ardhini, na mwenye mzio wa sumu ya nyuki ajihadhari na nyuki wote bila kubagua.

Hatari halisi iko kwenye kuwachanganya. Kabla ya kufanya lolote, simama umbali wa mita 5 na utazame kwa dakika 10. Ukiona makumi ya nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu moja bila kukatika, iwe kwenye dari, ukutani au kwenye shina la mti, wachukulie kuwa ni nyuki wa asali. Ondoka, waondoe watoto, funga mbwa na mbuzi mbali, mwite mfugaji nyuki mwenye vifaa. Ukiona matundu mengi na kila tundu lina nyuki wake mmoja, wakiruka chini chini bila kukujali, hao ni wapweke waliopenda kuwa majirani. Wanaweza kuwa mia moja kwenye kipande kimoja cha ardhi na bado wasiwe kundi. Kila mmoja ana mlango wake.

Alama za viota nazo husema mengi, na inafaa kuzijua kabla ya kushika chupa ya dawa. Kichuguu kidogo cha udongo laini chenye tundu katikati, upana wa penseli au pungufu, ni nyuki mchimbaji. Tundu la mviringo safi kwenye mbao, lenye upana wa sentimita 1 hadi 1.5 na unga wa mbao chini yake, ni nyuki-seremala. Tundu lililozibwa kwa vipande vya majani vilivyopangwa, kwenye ncha ya bomba au tundu la kitasa, ni nyuki mkata majani. Mabonge ya tope ukutani yenye buibui ndani ukiyavunja ni kazi ya nyigu mfinyanzi, si nyuki. Vitundu vya milimita 1 au 2 vyenye vumbi jepesi kama unga ni vidudu vitobozi vya mbao, na njia za udongo zinazopanda ukutani ni mchwa. Wawili hawa wa mwisho ndio wanaostahili fundi na dawa. Nyuki-seremala hubebeshwa lawama zao mara nyingi, na dawa ya mchwa humwagwa mahali ambapo hapakuwa na mchwa.

Tuanze na wachimbaji, kwa sababu ndio walio wengi: inakadiriwa kwamba takriban asilimia 70 ya spishi za nyuki hujenga chini ya ardhi. Jike huchimba njia inayoshuka, mara nyingi sentimita 10 hadi 60 kutegemea spishi na udongo, kisha hutoboa vyumba pembeni. Kila chumba hukipaka ute unaozuia maji, hukiwekea donge la chavua iliyochanganywa na mbochi, yaani maji matamu ya maua, hutaga yai moja juu yake na kukifunga. Buu hula donge hilo peke yake na mama hamwoni tena. Kwa hiyo kila chumba ni akiba iliyokwisha kulipwa. Ukikivunja, hakuna wa kukijenga upya.

Wakulima wa Usukumani huutambua udongo kwa kufuata mteremko. Juu, karibu na miamba ya matale, kuna isanga na luseni, udongo wa kichanga uliotokana na mawe hayo kumomonyoka. Chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kujaa maji masika. Nyuki wachimbaji wanautaka ule wa juu: unapitisha maji, haupasuki, na unashikamana vya kutosha njia isiporomoke. Sehemu kubwa ya jiji la Mwanza imejengwa juu ya udongo wa namna hiyo, kwenye mifuko ya ardhi kati ya miamba, Isamilo, Bugando, Mabatini. Jiji hili lina makazi mazuri ya nyuki bila kuyatengeneza, ila linayafunika kwa kasi.

Hapa kuna jambo ambalo wapenda mazingira wengi hulikosea. Uwanja mtupu unaofagiliwa kila asubuhi, ambao vitabu vya bustani vya nchi za baridi vingeuita umaskini wa ardhi, ni mzuri kwa nyuki wachimbaji. Wanataka ardhi inayoonekana, yenye joto la jua na isiyo na mizizi minene. Ufagio huondoa kichuguu cha juu tu. Nyuki huchimbua mlango wake tena, na vyumba viko chini sana ambako ufagio haufiki. Kinachoua ni saruji, nyasi za kapeti zinazomwagiliwa kila siku, maji ya kufulia yanayomwagwa mahali pamoja, na jembe. Jembe la mkono hushuka sentimita 10 hadi 15, na anayeinua matuta kama ilivyo desturi yetu hupindua udongo wote wa juu. Viota vilivyo kwenye sehemu inayolimwa vitaumia, hilo halikwepeki. Dawa yake ni kuwa na sehemu isiyolimwa.

Wataalamu wa kilimo hai nao watusikie kidogo. Matandazo ya majani makavu ni jambo jema. Yanahifadhi unyevu na kulisha udongo. Lakini bustani iliyotandazwa yote, kona hadi kona, imewafungia mlango wachimbaji. Ushauri wa matandazo uende pamoja na ushauri wa kuacha mita moja ya mraba, hata mbili, bila kitu juu yake. Hatujui kwa nini jambo rahisi hivi halimo kwenye mafunzo mengi ya bustani za nyumbani.

Asiye na udongo unaofaa anaweza kuinua tuta la nyuki. Chagua mahali panapopata jua la asubuhi na pasipopitiwa na maji ya paa. Tuta liwe na urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 40, na upande mmoja ushuke kwa mteremko kuelekea mashariki. Tumia udongo wa isanga au luseni. Kama una mbuga tu, changanya ndoo 1 ya mbuga kwa ndoo 3 za mchanga wenye chembe za ukubwa tofauti. Mchanga laini wa ufukweni peke yake haufai. Ukikauka humwagika na njia hufukiwa. Kipimo chake ni rahisi: lowesha kidogo, finya konzi moja, fungua kiganja. Bonge likisimama kisha likavunjika ukiligusa kwa kidole, udongo umefaa. Likimwagika lenyewe, ongeza mfinyanzi; likibaki gumu, ongeza mchanga. Shindilia kwa mguu tabaka kwa tabaka, kila sentimita 10. Usiweke samadi, majivu wala mbolea ya dukani. Ng'oa magugu yanayoota juu kwa mkono, usipalilie kwa jembe.

Kisha kuna kuku. Kuku mmoja anayechakura anamaliza kazi ya msimu kwa asubuhi moja, na tuta kavu la mchanga ndilo hasa analolitafuta kwa kuogea vumbi. Laza waya wa kuku wenye macho ya sentimita 2.5 juu ya tuta na uubane kwa vigingi. Nyuki hupita, kucha hazipiti. Na viota vikishaonekana, usihamishe mawe, vyungu vya maua wala ndoo zilizo karibu. Jike anapotoka mara ya kwanza huzunguka akikariri alama zinazouzunguka mlango wake. Ukizihamisha anarudi na chavua miguuni na kuhangaika, kumbe mlango uko palepale.

Kwa waliokwisha kuweka pevingi, bado kuna nafasi. Viungo kati ya tofali na tofali vijazwe mchanga, visimiminiwe saruji. Upana wa sentimita 1 unatosha wachimbaji wadogo kupita, na maji ya mvua nayo yatazama badala ya kukimbilia kwa jirani wa chini, jambo ambalo kwenye miteremko ya Mwanza lina faida yake ya pekee.

Nyuki-seremala anahitaji maelezo marefu, kwa sababu ndiye anayegombana na mwenye nyumba kwa haki. Ni mkubwa, anavuma, na jike wa spishi inayoonekana sana Afrika Mashariki, *Xylocopa caffra*, ni mweusi mwenye mikanda miwili ya njano au nyeupe, wakati dume lake ni la manjano ya kijani mwili mzima. Watu huwadhani kuwa wadudu wawili tofauti. Dume ndilo linaloning'inia hewani mbele ya uso wako likikufukuza mlangoni, na ndilo lisiloweza kuuma.

Jike hatafuni mbao kwa ajili ya chakula. Hutoboa tundu kuingia ndani, kisha hugeuka na kufuata uelekeo wa nyuzi za mbao, akijenga vyumba vichache vinavyotenganishwa na kuta za unga wa mbao alioukanda. Anapenda mbao laini, kavu, isiyopakwa kitu: paina na misonobari ya aina nyingine, hasa ubao wa kingo ya paa ambao mafundi huuita fisha bodi, nguzo za vibaraza na fito za mabanda. Tundu moja kwenye mbao ya inchi 2 kwa 4 halidhoofishi paa. Shida huja pale mbao ile ile inapotumiwa na vizazi kadhaa, njia zikaongezwa na kugawanyika, na maji ya mvua yakapata pa kuingilia. Mbao ya 2 kwa 2 iliyotobolewa mara 3 au 4 kwenye urefu wa mita moja inapaswa kukaguliwa na ikibidi kubadilishwa.

Kosa linalofanywa sana ni kuziba tundu likiwa na nyuki ndani. Waliomo hutafuna njia nyingine ya kutokea, na unabaki na matundu mawili badala ya moja. Kosa la pili ni kupaka oili chafu ya injini. Inawafukuza kwa muda, inachuruzika kwenye udongo na bustani, na inafanya mbao ishike moto haraka. Njia inayofanya kazi ina hatua mbili, na ya kwanza ni kuwapa pengine pa kwenda. Tafuta gogo kavu la mwembe au mparachichi lenye unene wa sentimita 10 hadi 15 na urefu wa mita 1, au mianzi minene mikavu iliyokatwa ili kila kipande kiwe na kifundo kila upande. Lifunge chini ya mwisho wa paa la banda, lisiguse ardhi, lisinyeshewe, mita 3 hadi 10 kutoka kwenye mbao inayoshambuliwa. Toboa vitundu 2 au 3 vya kuanzia, upana wa milimita 12 na kina cha sentimita 2, atamalizia mwenyewe.

Hatua ya pili ni kufunga nyumba. Chomeka kijiti chembamba cha nyasi kwenye mdomo wa kila tundu jioni. Kikitupwa nje, kuna mtu ndani. Kikikaa wiki 2 bila kuguswa na hakuna unga mpya wa mbao chini, jaza stiliwaya hadi sentimita 3 ndani, malizia kwa puti ya mbao, piga msasa, kisha paka rangi ya mafuta mikono miwili juu ya mbao yote, pamoja na upande wa chini ambao mafundi wengi huuacha. Mbao iliyopakwa vizuri huchaguliwa mara chache sana. Anayejenga sasa hivi apake mbao kabla ya kuipandisha. Gharama ya kopo moja la rangi ni ndogo kuliko ya kumrudisha fundi na ngazi.

Kwa nini tujisumbue hivyo badala ya kumpulizia dawa? Kwa sababu ya sufuria. Ua la bilinganya, la nyanya chungu na la nyanya ya kawaida halitoi chavua hovyo. Chavua imefungwa ndani ya vifuko vyenye vitundu nchani, kama chumvi kwenye kichupa chake, isipotikiswa haitoki. Nyuki wa asali hajui kutikisa. Nyuki-seremala, nyuki wa *Amegilla* wenye pete za buluu tumboni, na baadhi ya wachimbaji wadogo hulikumbatia ua, hulibana kwa taya na kuitetemesha misuli ya mbawa bila kuruka. Unasikia sauti ikipanda ghafla, na chavua inawamwagikia kifuani. Utafiti uliofanyika Nguruman, Kenya, na kuchapishwa 2008 kuhusu bilinganya ulionyesha nyuki wapweke, akiwemo *Xylocopa caffra*, kuwa ndio wachavushaji wake wenye ufanisi. Nyanya inaweza kujichavusha kwa kutikiswa na upepo, ila tunda huwa bora zaidi ikitikiswa na nyuki.

Pasheni inamtegemea seremala zaidi. Ua lake ni pana na sehemu zake za uzazi zimeinuliwa juu. Nyuki mdogo hupita chini yake, akanywa mbochi na kuondoka bila kugusa kinachotakiwa kuguswa. Mgongo wa nyuki-seremala ndio unaofika. Pasheni ya zambarau inaweza kujitegemea kwa kiasi, lakini ya njano inahitaji chavua ya mmea mwingine, na asipokuja mdudu mkubwa unabaki kuchavusha kwa mkono ua kwa ua. Yule anayewaua maseremala kwenye kibaraza na kisha kulaumu mbegu za pasheni anaikosea mbegu.

Mkata majani hatatuchukulia muda. Hukata vipande vya mviringo kwenye kingo za majani ya waridi, bogenvilia na mbaazi, akavisokota kuwa vikombe vya watoto. Mmea hauumii, hupoteza eneo dogo la jani na kuendelea. Kupulizia waridi kwa sababu hiyo ni upotevu wa fedha, na dawa za kunyonywa na mmea, kama imidaclopridi, ni mbaya zaidi kwake kwa kuwa hubaki ndani ya jani lile lile analolitumia kama kuta za chumba cha buu. Kama amechagua tundu la kitasa au bomba la kupumulia la simtanki, funika kwa kipande cha wavu wa dirisha, naye ataenda kwingine.

Sasa zile nyumba za nyuki zenye vishimo vingi, ambazo picha zake zimeenea kwenye intaneti. Tunaziweka hapa mwishoni kwa makusudi. Zinawafaa tu nyuki wanaojenga kwenye vishimo vilivyokwisha kuwepo, na nyingi zinajengwa vibaya kiasi cha kuwa mitego. Hata hivyo ikijengwa ipasavyo inasaidia. Chukua matete makavu yenye tundu la ndani la milimita 4 hadi 10. Usiyakate kwenye ukingo wa ziwa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka majini dhidi ya shughuli za kudumu, na matete yaliyosimama pale yana kazi yake ya kushika udongo. Omba masalia kwa wasuka uzio na mikeka. Kata kila tete urefu wa sentimita 15 hadi 18 kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, kifundo kikibaki nyuma ili kuwe na mwisho uliozibwa. Lainisha mdomo kwa msasa, maana nyuzi zilizochanika huchana mbawa. Jaza matete 30 hadi 40 kwenye kipande cha bomba la inchi 4 chenye urefu wa sentimita 20, midomo ikiingia ndani sentimita 2 au 3 ili mvua isifike, na uzibe nyuma kwa ubao. Funga kwenye ukuta, kimo cha mita 1.5, kuelekea mashariki, kwa waya sehemu mbili ili lisiyumbe. Paka grisi kwenye waya kuzuia sisimizi.

Urefu wa tete si mapambo. Nyuki jike huamua jinsia ya mtoto: yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume. Mayai ya majike huyaweka nyuma kabisa, ya madume karibu na mlango, kwa kuwa madume hutoka kwanza. Tete la sentimita 6 au 7 linapata madume karibu matupu. Nyumba inaonekana imejaa, mwenye bustani anafurahi, na msimu unaofuata hakuna wa kutaga.

Unyevu wa ziwani ndio adui mwingine. Mirija ya plastiki au ya kioo isiyopumua ikitumiwa badala ya matete, na bati lililowekwa moja kwa moja juu ya matete, hufanya maji yajikusanye ndani au joto lizidi. Chavua huota ukungu na mabuu hufa. Tete na mbao hupumua. Zaidi ya hapo, viota vilivyosongamana huvutia utitiri na nyigu wa vimelea, ndiyo maana nyumba 2 ndogo pande tofauti za uwanja ni bora kuliko moja kubwa. Matete yasitumike zaidi ya mwaka 1. Ukitaka kuyaondoa na bado mengine yamezibwa, yaweke ndani ya sanduku la kadibodi lililofungwa vizuri, toboa tundu 1 la sentimita 1 upande wa mwanga, liache kivulini pasiponyesha. Watakaotoka hufuata mwanga na hawarudi kutaga gizani. Mijusi ya miamba yenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu itakuja kuvizia mlangoni. Weka mbele ya bomba wavu wenye macho yanayompitisha nyuki lakini si mjusi, na uiache mijusi iendelee na wadudu wengine.

Yote haya ni bure kama dawa inapuliziwa ovyo, na hapa tunasema bila kuzunguka: bustani ya nyumbani ya kula haina sababu ya kupuliziwa kwa ratiba. Hofu ya kanitangaze, nondo mdogo ambaye mabuu yake huchimba majani na matunda ya nyanya, imewafanya watu wapulizie nyanya kila wiki, awepo asiwepo. Anza kwa kung'oa majani yaliyochimbwa na kuyatia kwenye mfuko mweusi uliofungwa juani, tundika mtego wa feromoni, yaani harufu inayowavuta nondo, kagua mara 2 kwa wiki. Ikibidi kupulizia, tumia kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa kipimo cha lebo, baada ya saa 12 jioni pasipo na upepo. Muda huo si wa kubahatisha. Maua ya maboga na matikiti hufunguka alfajiri na kufunga kufikia mchana. Pasheni ya zambarau hufunguka asubuhi, lakini ya njano hufunguka mchana na kubaki wazi hadi usiku, hivyo hiyo isipuliziwe kabisa ikiwa na maua. Maji ya mwarobaini nayo yasielekezwe kwenye maua eti kwa sababu tu ni ya asili. Na usimwage dawa yoyote kwenye udongo wa sehemu uliyowaachia wachimbaji.

Nyuki wapweke wengi, hasa wadogo, hutafuta chakula ndani ya mita mia chache kutoka kiotani. Hawana uwezo wa nyuki wa asali wa kwenda kilomita kadhaa. Kwa hiyo chakula kiwe karibu na kisikatike Juni hadi Septemba mvua zinapokosekana. Mbaazi za muda mrefu huchanua kipindi hicho, mrehani na kivumbasi huchanua ukivimwagilia kidogo, marejea na mlonge huwaita maseremala, na kishona nguo kwenye ukingo wa uzio hulisha wadogo bila gharama. Baada ya kuvuna mbaazi na alizeti, kata mabua kwenye kimo cha nusu mita na uyaache yasimame. Nyuki wadogo hutoboa moyo mkavu wa bua na kutaga humo. Yang'olewe mwaka unaofuata, si mapema.

Anayetaka kujua kama bustani yake ina wachavushaji wa kutosha asitegemee macho. Chagua bilinganya moja yenye maua mengi. Vichipukizi 5 vya maua ambavyo havijafunguka vifunge kwa kitambaa chepesi cha pazia, si chandarua chenye dawa. Vingine 5 viache wazi na uvitie uzi mwekundu. Vingine 5 viache wazi pia, uvitie uzi mweupe, na kila asubuhi kwa siku 3 baada ya kufunguka uvigonge kwa kidole mara kadhaa, ukihamisha chavua kutoka ua hadi ua. Maua yakinyauka ondoa kitambaa, hesabu matunda baada ya wiki 2, na upime uzito wakati wa kuvuna. Yaliyofungwa yakishindwa na mekundu yakashika sawa na meupe, nyuki wako wanatosha. Meupe yakiyapita mekundu kwa mbali, wachavushaji wamepungua. Makundi yote 3 yakipukutika sawasawa, tafuta sababu kwenye maji, joto au mbolea ya naitrojeni iliyozidi, uwaache nyuki.